Magoti ya Shangazi na Mvuke wa Naivasha

Safari hii chanzo chake ni magoti. Shangazi alikuja Nairobi kutoka Mombasa mwezi wa Julai, wakati jiji letu hujifanya Ulaya, na siku ya tatu akatangaza kwamba magoti yake yamegoma. Dawa ya kupaka hataki, anazo tatu tayari mkobani. Alichotaka ni bwawa. Jirani yake wa Majengo alipelekwa Naivasha na mwanawe, akaingia kwenye maji yanayotoka ardhini yakiwa moto, na tangu hapo, kwa maelezo ya Shangazi, anapanda ngazi kama mtoto aliyeachiwa mapema chuoni.

"Nami nipelekeni," akasema. "Na sitaki basi la watalii. Nyinyi mna gari."

Gari lenyewe ni Probox ya mdogo wangu. Yeye ni fundi wa stima, kwa hiyo nyuma mna nyaya, ngazi na masanduku ya vifaa, na harufu ya raba iliyoungua ambayo haitoki hata ukiosha kwa sabuni ya unga. Tuliketi mezani tukapiga hesabu: watu watatu, siku tatu, shilingi 15,000, na ndani yake petroli, vyumba, viingilio na chakula. Mdogo wangu akasema haiwezekani. Shangazi akamjibu kwamba yeye amesomesha watoto sita kwa kukaanga mahamri, asiletewe habari za haiwezekani. Basi ikawezekana, kwa sharti kwamba chakula cha njiani ni juu yake. Alfajiri ya kuondoka nilikuta mlangoni chupa mbili za chai, ndoo ndogo ya mahamri, mbaazi za nazi kwenye bakuli lenye kifuniko, na pakiti ya halua aliyokuwa amewanunulia watu wengine kabisa.

Kutoka Nairobi hadi Naivasha ni kama kilomita 90, na njia ni mbili. Ya juu inapitia Kinungi. Sisi tulishika ya chini, inayoteremka ukingo wa Bonde la Ufa kwa kona zake na malori yake. Ukiwa na dereva mtulivu ndiyo nzuri zaidi, maana bonde linafunguka ghafla upande wa kushoto na mazungumzo yote garini yanakatika. Chini kidogo kuna kikanisa kidogo mno kando ya barabara, kilichojengwa mwaka 1942 na wafungwa wa vita wa Kiitalia waliokuwa wakiijenga barabara hiyo hiyo. Tulisimama hapo tukamimina chai. Wauza ngozi za kondoo walitufuata mpaka walipoiona ndoo ya mahamri, wakajua hawa si wateja.

Kisha tukafika Mai Mahiu, na Shangazi, ambaye husoma kwa sauti kila kibao anachokiona, akauliza jina hilo lina maana gani. Mdogo wangu ameoa Mkikuyu.

"Maji moto, Shangazi."

"Alaa! Kumbe tumeshafika. Simamisha gari."

Tulicheka mpaka tukalipita soko. Kicheko kikazimika tulipoona mawe makubwa na tope lililokauka. Ni hapa mafuriko ya Aprili 2024 yalishuka usiku yakasomba nyumba na watu waliokuwa wamelala. Shangazi alisoma Fatiha, tukaenda kimya hadi mlima Longonot ulipojitokeza kushoto na mdomo wake uliomeguka.

Longonot ndiyo iliyomfungua mdomo mdogo wangu. Mwambie kuhusu siasa atasinzia, mtajie umeme hanyamazi. Akaeleza kwamba katika Bonde la Ufa ardhi inajivuta pande mbili polepole, ganda limekuwa jembamba, na mwamba wa moto uko karibu kuliko kwingine. Maji ya mvua huzama kwenye nyufa, hukutana na ule moto, huchemka, na juu yake kuna tabaka la mwamba lisilopitisha kitu. Hayana pa kutokea.

"Kama sufuria ya biriani ya dam," Shangazi akasema, "ukishaziba mfuniko kwa unga."

"Hasa, Shangazi."

"Na hao wanaochimba wanautoboa unga."

Nimesoma maelezo mengi ya jotoardhi tangu siku ile, mengine ya maprofesa. Sijapata lililonikaa kama la biriani.

Tulilala Karagita. Anayetaka hoteli zenye viboko bustanini aendelee mbele kwenye barabara hiyo hiyo ya kusini mwa ziwa; Karagita ndiko wanakoishi wafanyakazi wa mashamba ya maua, na kwa hiyo vyumba, chapati na maharage vina bei ya mtu anayeishi kwa mshahara. Tulipata viwili, kimoja cha Shangazi na mimi, kingine cha mdogo wangu na vifaa vyake, maana vifaa havilali garini. Bafuni mlikuwa na ile bomba ya kupasha maji kwa stima. Nikamwambia Shangazi atangulie, ajipumzishe na maji ya moto. Baada ya dakika moja nikasikia mtu akimtaja Mungu kwa nguvu.

Nilimfuata mama mwenye nyumba. Hakushtuka hata kidogo. "Tokeni za stima zimeisha, mama. Wapangaji wa huko nyuma hawajachanga. Kesho nitanunua."

Basi tukaoga kwa ndoo, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,900, mwezi wa Julai. Shangazi alijifunga leso tatu akakaa kitandani kama mzigo wa bandarini. "Mji mzima unachemka chini yetu," akasema, "sisi tunaoga barafu." Mdogo wangu, kutoka upande wa pili wa ukuta wa mbao, akacheka peke yake.

Asubuhi kabla ya jua niliamshwa na nyayo. Nilichungulia dirishani nikaona barabara imejaa watu, wengi wanawake, wamevaa jaketi nzito na vilemba, wanayafuata mabasi ya mashamba. Waridi wanazozikata siku hiyo hupanda ndege na kuuzwa Ulaya zikiwa bado na umande, karibu. Kuna shamba moja huko mbele, Oserian, ambalo kwa miaka mingi lilitumia kisima cha jotoardhi kupasha vibanda vya maua usiku. Maua yalilala kwenye joto. Nilikuwa na baridi ya ndoo bado mifupani, wacheni niseme nilichowaza: nililionea wivu ua.

Siku ya pili ilikuwa ya Hell's Gate. Mbuga hiyo ina kilomita za mraba 68, na uzuri wake kwa mtu wa bajeti ni kwamba ni miongoni mwa mbuga chache Kenya ambamo unaruhusiwa kutembea kwa miguu au kwa baiskeli. Kiingilio hulipwa kwa simu, hawapokei noti, kwa hiyo pakia salio mapema kama una mtandao wa kubahatisha. Mimi nilikodi baiskeli kwenye kona ya barabara kuu, mdogo wangu akaendesha gari na Shangazi, tukakubaliana tukutane mbele. Baiskeli ilikuwa na breki moja, nayo haikuwa na nia. Lakini sitabadilisha saa zile mbili kwa lolote: majabali mekundu kulia na kushoto, punda milia wananitazama kama mimi ndiye wa ajabu, ngiri na watoto wake wakikata barabara mikia juu kama eriali. Kwenye mnara wa Fischer, jabali lililosimama peke yake, pimbi wamekaa wakiota jua. Wamaasai husimulia kwamba jabali lile ni bi harusi aliyekatazwa kugeuka nyuma siku anaondoka kwao, akageuka. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko nilivyopanga. Mimi pia niligeuka nyuma siku yangu.

Jina la mbuga waliliweka Wazungu. Fischer Mjerumani na Thomson Mskoti walipita huku mwaka 1883. Wenyeji walikuwa na majina yao. Olkaria, wanakotoa umeme, ni neno la Kimaasai la ule udongo mwekundu wa kujipaka.

Kwenye korongo la Ol Njorowa tulishuka mimi na mdogo wangu pamoja na kijana wa Kimaasai wa kutuongoza. Msishuke bila mwongozaji, na mawingu yakikusanyika juu msishuke kabisa: mwaka 2012 na tena 2019 maji yalikuja kwa ghafla humo na watu wakafa. Siku yetu mbingu ilikuwa safi. Mahali fulani ukutani maji yanatiririka membamba kama ya bomba bovu. Nikaweka kidole, nikakitoa mbio. Kijana akatabasamu, ameliona hilo mara elfu. Mdogo wangu alikuwa anamuuliza habari za mitambo, na yeye akajibu kwa upole kwamba kwao wanatumia sola ndogo. "Zile nyaya kubwa," akasema akionyesha kwa kidevu, "zinapita tu."

Zinapita kweli. Ukitoka korongoni kuelekea Olkaria mandhari yanabadilika kama umefungua mlango. Mabomba. Ya fedha, manene kuliko pipa, yanapanda vilima na kushuka, na kila baada ya umbali yanapinda na kufanya umbo la mlango, kisha yanaendelea. Shangazi aliuliza kwa nini hawakuyanyoosha, ni kupoteza mali. Mdogo wangu alikuwa anangoja swali hilo tangu Nairobi: chuma kikipata moto hurefuka, na bomba lililonyooka tupu lingejivunja; kile kipindo ndicho nafasi yake ya kupumua. Na pale lilipoinuliwa juu sana ni ili twiga apite. Tulimwona mmoja akipita, taratibu, bila kuinama. Hewa ilinuka mayai viza. Vilima vilikuwa vinatoa mvuke mweupe huku na huku, na mlio wake si wa mluzi kama nilivyodhani. Ni mlio wa ndege inayotaka kuruka na hairuki.

Ilichukua muda kufika hapa. Walichimba visima viwili vya kwanza miaka ya 1950 na havikuzaa kitu, wakaacha. Wakarudi miaka ya 1970, bei ya mafuta ilipowabana, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza ukawashwa, megawati 15, wa kwanza mkubwa wa aina yake Afrika. Leo visima vingine vimefika kilomita tatu kwenda chini, ambako joto hupita nyuzi 300, na jotoardhi hutoa karibu nusu ya umeme unaozalishwa Kenya. Mdogo wangu alizima injini akashuka akasimama kando ya barabara mikono mfukoni. Mtu ambaye maisha yake yote amekuwa akiunganisha waya sebuleni kwa watu, amefika mahali waya unapoanzia. Nikamwacha.

Haikuwa bure kwa wote. Mwaka 2014 familia za Kimaasai kutoka vijiji vinne zilihamishwa kupisha upanuzi, na malalamiko yao yalifika hadi Benki ya Dunia. Nalisema kwa sababu nilipiga picha nyingi za mabomba siku ile, na katika picha zote hakuna mtu.

Bwawa, hatimaye. Liko humo humo Olkaria, na ni buluu ya kuchanganyikana na maziwa, rangi ambayo ukiiona kwenye simu unasema imetiwa chumvi. Mvuke ukishatengwa uende ukazungushe mitambo, hubaki maji ya moto yenye madini mengi, na baadhi yake hupozwa kwenye madimbwi kabla ya kuletwa hapa. Silika ndiyo inayotoa ile rangi, na ndiyo inayoacha ukoko mweupe kwenye kingo kama chokaa ya birika. Mimi na mdogo wangu tuliingia. Shangazi aliketi ukingoni, akapandisha gauni kwa adabu hadi chini ya magoti, akatia miguu, akafumba macho. Kulikuwa na vijana wengi wa chuo wakipiga kelele na muziki. Baada ya nusu saa nikamuuliza.

"Yanaonaje magoti?"

"Maji mazuri. Lakini magoti yako juu, mwanangu, na maji yako chini."

Hakutaka kuingia mbele ya vijana wa watu. Nilikuwa nimepanga safari nzima na hilo sikulifikiria hata mara moja.

Jioni tulikula samaki ufukweni Karagita. Mitigunga imekufa imesimama ndani ya maji, kwa sababu ziwa limepanda sana miaka ya karibuni na kuingia kwenye makazi ya watu. Wavuvi hufunga mashua kwenye matawi yaliyokuwa kivuli cha ng'ombe. Tilapia walikaangwa wakakauka vizuri, ugali moto, kachumbari yenye pilipili. Mimi niliramba vidole. Shangazi alikula nusu akasukuma sahani. "Samaki wa maji baridi hana khabari," akasema. "Hata nazi hawakumtilia." Kisha, baada ya kunyamaza: "Tena nimechoka na kila kitu cha maji baridi."

Ni mama muuza samaki aliyetuambia habari za Eburru. Akasema kama ni magoti, huko bwawani mmepoteza pesa, nendeni mlimani ambako mvuke unatoka wenyewe na hakuna lango. Tulikuwa tumebakiwa na shilingi 3,400.

Siku ya tatu basi tukazunguka barabara ya kaskazini mwa ziwa, tukakata kulia, tukaanza kupanda. Vumbi la Eburru ni jeupe na laini kama unga wa ngano. Linaingia hata kwenye chupa iliyofungwa. Gari lilipanda likilalamika. Mshale wa joto ukapanda nao. Mdogo wangu akasema si kitu. Mafundi wote husema si kitu. Kwenye mpando wa mwisho boneti ikaanza kutoa moshi mweupe, gari likazima, na kwa muda tuliketi ndani tukiutazama mvuke wetu, na zaidi ya mita hamsini mbele, kutoka kwenye nyufa za kilima, mvuke wa Mungu.

"Naona tumepokewa," akasema Shangazi.

Maji ya akiba tulikuwa tumeyamaliza kunawia mikono ya samaki. Kijana wa bodaboda akasimama, akatazama, akasema, "Hapa hakuna mto, wala kisima. Ngojeni nimwite shosho."

Alikuja bibi mwembamba mwenye sweta la kijani na gamubuti. Hakusema mengi. Alituongoza hadi nyuma ya boma lake, na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho ningekipita bila kukitambua. Bomba la chuma lenye kutu limechomekwa kwenye tundu la ardhi, limelazwa kwa mteremko hatua kadhaa, na mwisho wake, juu ya pipa, linadondosha. Tone. Kisha kimya. Kisha tone. Mvuke unaingia upande huu ukiwa moto, unapoa njiani, unatoka maji. Eburru watu wamekunywa hivyo kwa miaka mingi. Palikuwa hata na nyumba ya kukaushia pareto kwa mvuke huo tangu enzi za walowezi. Kuna kituo kidogo cha umeme pia, karibu megawati 2.5. Lakini mimi niliganda pale kwenye pipa. Nilihesabu matone kumi nikajaribu kukisia yanahitajika mangapi kujaza mtungi wa lita 20, nikashindwa.

Radieta ya Probox ilihitaji lita tano.

Niliona haya kuomba. Shangazi hakuona, au aliona akajua namna ya kulibeba. Walikuwa wameshaanza kuongea, yeye kwa Kiswahili cha Mombasa na bibi kwa Kiswahili cha milimani, wakiitana dada, wakilinganisha magoti. Bibi akamwonyesha ufa mwingine, mdogo, kando ya kichaka. Shangazi akaelewa papo hapo. Kwetu mwanamke akiumwa, akijifungua, au akichoka tu, hujifukiza: sufuria ya majani ya mwarobaini katikati ya miguu, blanketi juu. Hapa sufuria ni mlima. Bibi akaweka kigoda, Shangazi akakaa, tukamfunika kwa leso zake zote tatu na shuka la bibi, ikabaki sura tu, imeloa, na imetulia kama ya mtu aliyesamehewa deni. Alikaa hivyo muda wote ambao injini ilihitaji kupoa.

Mdogo wangu alifungua kifuniko cha radieta kwa kitambaa, pole pole, akamimina maji ya shosho kwa kikombe, hakumwaga hata tone moja. Sijapata kumwona akifanya kazi kwa uangalifu kama huo, hata kwa wateja wanaolipa vizuri. Nikatoa noti ya 500. Bibi akachukua 50, bei ya mtungi, akanirudishia kwa kutingisha kichwa. Shangazi akaenda garini akarudi na ile pakiti ya halua, nzima, haijafunguliwa, akamtia mkononi na kumkunjia vidole juu yake. Hiyo bibi aliipokea.

Tuliteremka gia ya kwanza mpaka barabara kuu, mshale umetulia katikati. Tulifika Nairobi saa mbili usiku tukiwa na shilingi 210.

Shangazi alirudi Mombasa kwa treni wiki iliyofuata. Magoti, anasema, yana nafuu, ingawa ngazi bado anazipanda kwa kushika ukuta. Lakini mwezi uliopita nilikwenda kumsalimia, nikataka kikombe kutoka kabatini, na kwenye rafu ya juu, kando ya chupa ya zamzam aliyoletewa na mahujaji, nikaona chupa ya soda ya nusu lita yenye maji meupe safi. Nikanyoosha mkono.

"Wacha hayo," akasema kutoka jikoni, bila hata kugeuka. "Ya shosho hayo."